Ngozi Iliyomwagiwa Maji

Hardy alishusha kioo cha gari nusu tu, kwa sababu manyunyu yalikuwa yameanza, akatoa mkono wenye saa kubwa na kudondosha sarafu kiganjani mwa aliyekuwa mchungaji wake.

"Pasta, uniangalilie gari vizuri, eh? Juzi walinikwangulia huku nyuma."

"Sawa, ndugu Hardy. Usiwe na wasiwasi," alijibu Ruphin.

Estella aliyaona yote hayo akiwa amejibanza chini ya paa la duka la viatu, mkononi ana bakuli la wali na maharage lililofungwa kwenye kitenge. Alikuwa amepita hapo Isipingo, nje kidogo ya Durban, kumwachia mumewe chakula kabla ya kupanda taxi kwenda soko la Warwick, anakosuka nywele. Laiti angechelewa kidogo, asingeyaona. Huyu Hardy ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya yao. Alipohamia lile kanisa kubwa la mjini, lenye skrini na viyoyozi, hakuhama peke yake. Aliondoka na kwaya nzima, na kinanda juu. Sasa anatoa sarafu dirishani, na Ruphin, ambaye akisimama kuhubiri hata watoto walikuwa wananyamaza, amevaa kizibao cha njano na kumpungia mkono mtu mwingine arudi nyuma, kuja, kuja, stop.

Hasira ilimpanda Estella hadi akahisi masikio yanawaka. Aliimeza, maana hasira ya mke wa mchungaji haina pa kutemwa.

"Mama Bonheur! Uko hapa tangu saa ngapi?" Ruphin alimwita kwa jina la binti yao, kama siku zote.

"Nimefika sasa hivi," alidanganya. "Kula chakula kingali moto."

Ruphin alilifungua bakuli, akalitazama, akalifunga tena. Maji ya mvua yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye kofia hadi puani, wala hakujifuta.

"Nimeweka ngozi," alisema.

Walokole wote anaowajua Estella, wa Uvira, wa Bujumbura na wa hapa, wanaelewa maana ya neno hilo. Ni kumtegea Mungu ishara, kama yule mwamuzi wa zamani aliyetandaza ngozi ya kondoo uwanjani na kuomba umande uilowanishe ngozi peke yake, ardhi yote ibaki kavu, ndipo ajue kama ametumwa. Ukishaweka ngozi hurudi nyuma. Jibu likija, unalitii.

"Ngozi ya nini, Papa Bonheur?"

"Ya kanisa. Jumapili hii. Kama mutu mugeni atapanda zile ngazi, asimame kati yetu aseme, 'Mungu ndiye amenituma hapa,' basi nitaendelea hadi nife. Kama hakuna, Lundi, kesho yake, narudisha ufunguo kwa mwenye nyumba. Nitalinda magari kama wengine. Kulinda magari si zambi."

"Na Papa Aloys? Na Mama Ernestina? Watakwenda wapi?"

"Watapata ingine. Makanisa iko mingi Durban kuliko mikate."

"Labda Mungu amenyamaza tu. Kunyamaza si kukataa."

"Ananyamaza miaka yote hii, Estella."

Alimwita kwa jina. Huwa hamwiti hivyo ila akiwa mgonjwa au akiwa na msiba, na hapo ndipo hofu ilipomshika Estella sawasawa. Yeye hakuogopa kufungwa kwa chumba chao cha kanisa, juu ya karakana ya Clairwood, kilichojaa harufu ya rangi ya magari. Alimwogopea mwenye ufunguo. Alikwisha kumwona Ruphin asiye na kanisa, siku zile walipofika nchi hii. Alilala amegeukia ukuta, akiulizwa chai au uji anasema chochote. Waliponyoka pale kwa shida, na Estella hakuwa tayari kumrudisha kwenye ukuta ule.

---

Pale Warwick, yeye na Huguette, msusi mwenzake, walikuwa wanasuka kichwa kimoja, huyu kulia, yule kushoto, chini ya mwavuli mkubwa unaovuja upande wa Huguette. Mteja alikuwa mama wa Kizulu, yuko kwenye simu yake. Hakujua Kiswahili, kwa hiyo siri zote za soko zilikuwa zinapita juu ya utosi wake bila kumgusa.

Huguette alitoka Lubumbashi, ulimi wake haukuwa na breki. Alimsikiliza Estella hadi mwisho, kisha akaacha kusuka.

"Yaya, dada yangu, unataka nimudanganye Mungu?"

"Si Mungu. Ni Ruphin. Hajawahi kukuona."

"Mu kanisa. Mbele ya Biblia."

"Huguette mdogo wangu, yule mtu anazama. Mtu akizama humwulizi kamba imetoka wapi."

"Mimi na kanisa tuliachana zamani, bila kugombana. Sasa unataka nirudi na uongo kwa mukono." Alitikisa kichwa, lakini vidole vilikwisha kurudi kazini. "Haya, niambie. Niseme nini?"

"Sema uliota. Uliona ngazi za chuma na mlango wa bluu. Sauti ikakuambia, panda."

"Sauti ya mwanaume ama ya mwanamuke?"

"Huguette!"

"Ninauliza! Akiniuliza nitajibu nini?"

Estella alivuta msuko kwa nguvu kupita kiasi. "Hawu, sisi!" mteja alilia, yaani "Lo, dada!", akashika kichwa. Estella akaomba radhi kwa Kizulu chake cha kuokoteza, akapuliza pale palipouma. Moyoni alikuwa anajitetea. Alijiambia kwamba Mungu hutumia watu, na yeye ni mtu. Alijiambia pia kwamba hakuna atakayeumia. Anayetafuta sababu ya kudanganya haikosi.

---

Jumapili mvua ilikuwa imekatika. Karakana ya chini ilikuwa imefungwa, na malori ya Clairwood yalikuwa machache barabarani. Papa Aloys, mzee wa kanisa pekee aliyebaki, Mrundi mwenye kigugumizi, alipanga viti vingi kuliko watu, kama kawaida yake. Mama Ernestina alipanda ngazi huku ameshika magoti, wajukuu zake nyuma yake. Bonheur alipiga ngoma bila raha, maana msichana wa rika lake anajua watu wakimhurumia.

Ruphin alihubiri akiutazama mlango. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo barabarani ilimkata sentensi. Estella naye aliutazama mlango, jasho likimtoka chini ya kilemba, akimlaani Huguette, kisha akitubu kwa kumlaani, kisha akimlaani tena. Huenda amelala. Huenda ameogopa. Huenda, na hili ndilo lilimtisha zaidi, Mungu mwenyewe amemzuia.

Ruphin aliifunga Biblia.

"Wapendwa," alisema taratibu, "iko neno moja nataka kuwaambia mbele ya kufunga."

Hapo ngazi za chuma zikalia. Huguette aliingia amevaa gauni jeupe la harusi ya mtu fulani, viatu mkononi kwa sababu ya matope, macho ameyatoa. Estella alitaka ardhi ipasuke. Si alimwambia avae vya kawaida!

"Samahani, watumishi," Huguette alisema, anahema. "Nimetafuta hii mulango tangu asubui. Niliiona mu ndoto. Ya bluu, na ngazi ya chuma. Mungu ndiye amenituma hapa."

Mama Ernestina akapiga vigelegele. Papa Aloys alisema "A-a-a-mina" hadi akashikwa na kikohozi. Na Huguette, ambaye hakujua kuacha jambo likiwa tamu, akaongeza kwamba sauti ilimtajia jina la mtumishi, Ruphin, na kwamba ilimwambia huyo mtu amechoka, enda umutie nguvu. Machozi yalikuwa yanamshuka kweli kweli.

Ruphin alipiga magoti pale pale kwenye saruji, akaweka paji la uso chini, akalia kwa sauti kama mtoto. Kwa kitambo kidogo Estella alikuwa na furaha kuliko mwanamke yeyote wa Durban. Halafu mumewe akainua uso, akamtafuta yeye kwa macho, amwonyeshe furaha ile, na Estella akashindwa kumtazama.

---

Mtu aliyepata ishara hatulii. Jumatatu Ruphin alikwenda kwa mwenye nyumba, akakubali kupanga kwa mwaka mwingine. Jumanne alimpigia kaka yake Uvira, akamsimulia ndoto tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akamsimulia tena kwa sababu laini ilikatika. Jumatano alirudi nyumbani mapema mno, mikono mitupu.

"Kizibao kiko wapi?" Estella aliuliza.

"Nimekirudisha kwa msimamizi. Mungu akinituma watu, nitawachungaje nikiwa kwenye parkingi? Tangu leo ni kazi ya Bwana tu."

"Papa Bonheur! Nafasi ile watu wanaipigania!"

"Ndiyo, kijana mumoja aliichukua palepale." Alicheka, akamshika mkono. "Mama, imani yako imekwenda wapi? Wewe ndiye ulisema kunyamaza si kukataa."

Estella alisonga ugali usiku ule, akapunguza unga. Uongo ulikuwa umekula mkate wao, na bado ulikuwa na njaa.

Jumamosi walikwenda kumtembelea Huguette, kama ilivyo desturi. Mgeni wa kanisa hutembelewa na mchungaji pamoja na mkewe, huombewa nyumba, hunywa nao chai. Ruphin aliivaa suti yake ya kahawia. Alikaa kwenye kitanda cha Huguette, maana kiti kilikuwa kimoja, na akauliza maswali kwa heshima kubwa, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani kwao.

Huguette alimvuta Estella hadi kwenye kona ya jiko.

"Yaya, mutoe bwana yako kwangu," alinong'ona. "Ameniuliza ile sauti ilisema Kiswahili ama Kifaransa. Nikasema Kifaransa. Akaanza kulia! Anasema mama yake marehemu alimuombeaka na Kifaransa. Mimi siwezi tena. Tangu Jumapili silali. Ama unasema, ama ninasema mimi."

Walitoka. Barabarani Ruphin alitembea mbele kidogo, mikono nyuma, anaimba chini kwa chini. Kwenye robot, taa za barabarani, walisimama kusubiri magari.

"Ruphin," Estella alisema. "Ile ndoto ni yangu."

"Na wewe uliota?"

"Hakuna aliyeota. Niliitunga. Nikampa Huguette aje aiseme."

Taa ya kuvukia ikawaka. Watu wakavuka, wakawapita huku na huku, mwanamke mmoja akawasukuma kwa mfuko wa viazi. Wao walibaki wamesimama. Ruphin alimtazama mkewe, na wimbo ulikuwa bado uko mdomoni mwake, mdomo wenyewe haujapata habari.

"Kizibao nimerudisha, Estella," alisema mwishowe.

"Najua. Nisamehe."

Aligeuka akaelekea parkingi, katika suti ile ile ya kahawia. Alirudi nyumbani jioni amebeba kizibao kilichochanika begani. Msimamizi alikuwa amempa nafasi ya nyuma, kwenye mapipa ya taka, mahali ambapo hata magari yanaogopa kusimama, na kabla ya kumpa alimwacha asubiri hadi walinzi wenzake wote wapite na kumwona. Hayo Estella aliyajua baadaye, kwa wengine. Ruphin mwenyewe hakusema, wala hakufoka. Heri angefoka, angevunja hata sahani moja.

"Mungu amejibu," alisema tu, akinawa mikono. "Ngozi ilikuwa kavu. Aliyeimwagia maji ni binadamu. Kesho nitawaambia, tuwaage vizuri."

Alikula, kisha akajilaza. Akageukia ukuta.

---

Jumapili, kabla mumewe hajafungua kinywa, Estella alisimama. Alikuwa ameamua hivyo tangu alfajiri. Katika makanisa yao kuna utaratibu ambao kila mmoja anaujua na kila mmoja anauogopa. Mwenye dhambi hukiri mbele ya wote, kisha huenda kukaa benchi la nyuma. Akiwa huko haimbi mbele, hahudumu, hashiriki meza ya Bwana, hadi wazee watakapomrudisha. Estella alikwisha kuona watu wazima wakihama mji kwa ajili ya benchi hilo. Ruphin mwenyewe alikuwa mkali nalo, hakumpendelea mtu.

Aliyasema yote. Hakumtaja Huguette, ambaye hakuja siku ile, ila kwa kusema "mwingine niliyemtia majaribuni". Bonheur alikuwa ameinamia ngoma asiuone uso wa mama yake. Alipomaliza, mjukuu mmoja akapiga chafya.

Aliyeinuka alikuwa Mama Ernestina, taratibu, kwa magoti yake.

"Mie sijasoma," alisema. "Nauliza tu. Pasta aliomba mgeni atumwe. Na sie? Sie tunaopanda hizi ngazi kila Jumapili, na miguu hii, nani alitutuma? Shetani?"

Ruphin alifumba macho. Aliishika meza ya mahubiri kwa mikono miwili, na Estella akaona vidole vyake vinabadilika rangi.

"Mama Ernestina," alisema, "nimekutukana. Nimewatukana wote. Niliwaangalia nikaona viti vitupu." Alimgeukia Estella. "Mke wangu alidanganya. Mimi nilimujaribu Mungu, na nikawadharau watu wake. Zambi yangu ni kubwa kuliko ya kwake. Sistahili kusimama hapa. Kwa hiyo kanisa hii leo tuna..."

"Ha-ha-hapana," alisema Papa Aloys.

Wote waligeuka. Papa Aloys hakuwahi kumkatiza mtu tangu wamjue, kwa kuwa yeye ndiye hukatizwa. Alikuwa amesimama, kofia mkononi, mdomo unapigana na neno.

"Mwenye za-zambi hafungi kanisa, Pasta. Mwenye zambi anakwenda nyu-nyuma. Ni wewe ulitufundisha."

"Mzee, mimi ndiye muchungaji. Nani ataniweka nyuma?"

"Mi-mimi. Ni mzee wa kanisa. Nimebaki pe-peke yangu, lakini ni mzee." Alipumua. "Miezi mitatu. Wote wawili. Halafu tutawapokea, tutawashika mukono. Sasa tukifunga leo, nani atawapokea? Mutabaki na zambi yenu ba-barabarani?"

"Na nani atahubiri?"

Papa Aloys alikuwa hajafika huko katika mawazo yake. Alitazama kofia, akamtazama Mama Ernestina, akatazama dari.

"Mimi," alisema, na safari hii neno lilitoka bila kukwama, labda kwa hofu.

Estella alikuwa wa kwanza kutembea. Alipita katikati ya viti vitupu, akahisi macho ya wajukuu mgongoni, akaketi kwenye benchi la ukutani lililochakaa. Aibu ilimwenea mwili mzima. Alisubiri. Kama Ruphin angeelekea mlangoni, angemfuata, na angejua wanakwenda wapi, kwenye ukuta ule. Alisikia hatua za mumewe zikija, nzito. Zikasimama. Halafu benchi likalia, na bega la Ruphin likagusa bega lake.

Papa Aloys alifungua Biblia kwa kuisogeza karibu hadi kwenye pua. Akachagua somo la mpanzi. Akaanza kusoma, akakwama, akarudi, akaruka mistari, mbegu zilizoanguka njiani akazipeleka kwenye mwamba, ndege wakazila zile za kwenye miiba. Mama Ernestina aliitikia amina kila alipopumua, kumsaidia.

Estella alihisi benchi linatikisika. Goti la Ruphin lilikuwa linapanda na kushuka.

"Ameruka mstari," Ruphin alinong'ona.

"Nyamaza."

"Ameruka mawili! Mama, hajafika hata kwa udongo muzuri, na ile ndiyo yenyewe! Ile ndiyo..." Alikuwa ameshainuka nusu, mkono juu, macho yanawaka kama zamani.

Estella alimkamata koti, akamvuta chini kwa nguvu zote za mikono ya msusi.

"Kaa, Papa Bonheur. Uko nyuma."

Aliketi. Akashusha pumzi ndefu kupitia puani, akatazama viganja vyake, akamtazama Papa Aloys aliyekuwa sasa amepotea kabisa katikati ya miiba, jasho linamtoka, haachi.

"Miezi mitatu," Ruphin alinong'ona. "Huyu muzee ataniua."

Estella aliinamisha kichwa ili watu wadhani anaomba, kwa sababu alikuwa anacheka, na machozi yalikuwa yanamlowanisha mapaja.